Nusu ya Nusu kwa Angurai na Chakol

Mume wa dada yangu alikuwa mnunuzi wa pamba pale Malaba, na uhuru ulipokaribia akajitosa kugombea kiti. Mjini alidai kila mtu ni wake. Ili apite, alihitaji kura za soko moja tu zaidi: Angurai au Chakol.

Mshauri wake alikuwa mkuu wa shule niliyofundisha hesabu, bwana aliyesoma Kampala akarudi na miwani na kikohozi cha kufungulia hotuba. Jioni moja, sebuleni kwa shemeji, alichukua chaki akaandika mlangoni.

"Angurai, nafasi ya kuanguka ni nusu. Chakol, vilevile nusu. Kuanguka kote kuwili? Nusu ya nusu, yaani robo. Mzee, robo tatu za ushindi ziko mfukoni mwako. Hii ni sayansi."

Shemeji alipiga makofi. Watu wazima wawili wakawa wanaushangilia mlango.

Nikashindwa kunyamaza. "Hiyo ni hesabu ya kurusha sarafu mbili," nikasema. "Sarafu haziambiani kitu. Wakulima wa kote kuwili wanapima pamba kwenye mizani yako, shemeji. Angurai wakikukataa, ni kwa sababu ya mizani hiyo. Sasa, wakishakukataa hao, Chakol itabaki nusu kweli?"

Mizani ile ilijulikana. Gunia lililomvunja mtu mgongo njiani lilifika pale likawa jepesi kama limejaa manyoya.

"Mwalimu," mkuu akasema, "unachanganya siasa na hesabu."

"Na shemeji anachanganya wizi na biashara."

Dada aliniita jikoni haraka kabla mumewe hajasimama. "Unadhani sijamwambia?" akanong'ona. "Nilimwomba airekebishe. Akasema wanawake hawajui uzito."

Siku ya matokeo, ng'ombe alichinjwa asubuhi, kura hata hazijamalizwa kuhesabiwa. Habari za Angurai zikatangulia: wamemkataa vibaya. Mkuu akainua mkono kuwatuliza wageni. "Bado Chakol. Ya Angurai hayaihusu Chakol."

Hayaihusu! Watu waliooleana miaka yote, wanaokutana kila siku ya soko, na kubwa wanalozungumza ni nani kamwibia nani. Chakol walimkataa vibaya zaidi.

Nilitegemea mkuu ataona haya. Wapi! Alifuta miwani, akakohoa. "Nilisema kuna robo ya kuanguka. Basi, robo ndiyo iliyotokea. Hesabu haikukosea."

Na shemeji akaridhika! Akamfungulia chupa, wakaanza kupanga uchaguzi ujao, wakiuliza kama kugombea kule Butula kusingefaa zaidi. Niliwaacha na ujinga wao, nikaenda kumsaidia dada kugawa nyama kwa majirani wa mjini. Kwa jinsi walivyoficha vicheko wakipokea, nilielewa kwamba hata hao hawakumpigia kura. Dada naye alielewa. Alikaza uso, akaendelea kukata.