Odi kwa Tata Nkongolo

Hapa Kolwezi mtu haingii kwa mtu bila odi. Hata mlango ukiwa wazi, hata mwenye nyumba akiwa anakutazama usoni, unasimama pale nje, unasema odi, unangoja karibu yako. Ila hakuna aliyeishika desturi hiyo kwa ukali kama Tata Nkongolo wa Kasulo. Watoto wake mwenyewe, wakiingia mbio kutoka shule na njaa yao, walimkuta ameinamia karatasi zake kana kwamba wao ni upepo tu. "Tata! Tata, tumefika!" Kimya. Mpaka watoke, wasimame nje, waseme odi, ndipo alipoinua kichwa na kuangua kicheko: "Aa, karibu! Kumbe ni bantu, mi nilizania ni mbuzi."

Huyu mzee alikuwa sauti ya mtaa. Miaka na miaka alisoma komunike kwenye redio ndogo ya Kasulo: nani amejifungua, nani amepoteza kitambulisho, mama wa kanisa wanakutana wapi, na zaidi ya yote, nani amekufa. Redio nyingine zilizipokea komunike zake na kuzirusha mbele, mpaka Kisenge kule kwenye machimbo ya manganizi. Na alikuwa na sauti, jamani! Nzito, isiyo na haraka. Kabla ya kutaja jina la marehemu alivuta pumzi kidogo, na katika pumzi ile kila nyumba iliacha kutafuna. Kifo ukiambiwa na Nkongolo ulilia, lakini angalau ulijua umeambiwa na mtu.

Dada yake, Mama Mushiya, aliolewa huko huko Kisenge. Zamani kidogo mtu alimpigia simu kumwambia mama yao amefariki. Mama Mushiya akajitupa chini, akanyoa kichwa, akalia mpaka koo likakauka. Kumbe mama yao mzima, anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwake! Tangu hapo dada akaapa: "Kifo yenye kaka yangu hajasoma, mi siamini. Telefone ni muongo." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Kila ukoo ulipofiwa alingoja kwanza amsikie kaka, ndipo afunge kanga kiunoni na kuanza safari. "Na ya kwako nani atanisomea?" alimtania siku moja. Jambo lile likamkaa Nkongolo moyoni.

Halafu redio ikafa. Watu walichimba madini chini ya nyumba zao, wakachimba chini ya barabara, wakafika chini ya redio, na mvua moja ikapasua sakafu ya studio. Mwenye redio akafunga. Mwaka uliofuata Tata Nkongolo akaanza kukohoa kikohozi kisichosikia dawa, na daktari akasema ni koo, tena limeshaharibika.

Tshibola ndiye mwanawe aliyebaki nyumbani. Alisomea kompyuta Lubumbashi, na kazi yake ilikuwa moja ya ajabu kidogo: kutibu programu za simu zilizokataliwa. Mtu ametengeneza programu yake, ya kuuzia unga au kuimbisha kwaya, ameipeleka kwenye duka la programu, wakaguzi wameirudisha. Huyo anampigia Tshibola. Naye anaipekua mpaka ubovu uonekane. Alikuwa na jina kwa kazi hiyo. "Ukikatazwa, muone mutoto wa Nkongolo," walisema.

Siku aliyosikia habari ya koo la baba yake hakulia. Alifungua kompyuta. "Tata," alisema, "tuweke sauti yako kwenye simu za watu kabla haijaondoka."

Wakaanza. Mzee alikaa kitandani, mikro ya kunasia sauti mbele yake, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za pikipiki. Akasoma vipande: familia ya fulani, inatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio hapa na walio mbali. Akasoma mitaa. Akasoma majina yote ya watu wanayoyajua, ili programu iweze kuyaunga yenyewe, na mtu wa Mutoshi akipata msiba aweze kutangaziwa na Nkongolo hata Nkongolo akiwa hana tena koo. Walipofika kwenye jina Nkongolo, mzee alisukuma mikro kando.

"Ile uruke. Mutu hatangaze kifo yake mwenyewe, ni kujiita."

"Lakini Tata, banaNkongolo ni bengi hapa Kolwezi."

"Basi bale bengine bangoje kwanza." Wakacheka wote wawili mpaka kikohozi kikamshika.

Na sharti lake lingine, bila shaka mnalijua. "Mutu akifungua ile kitu yako bila odi, nisijibu." Tshibola akatii, kama alivyotii utotoni. Kwenye uso wa programu akachora mlango, mlango mtupu wa mbao, na nyuma yake sauti ya baba yake. Ukisema odi, anasema: "Karibu! Ukae." Kisha anakusomea komunike za siku ile. Majirani walioijaribu waliuona mlango, wakasema odi, wakakaribishwa. Nani angehitaji kuelekezwa? Mama mmoja alivua hata viatu.

Lakini kuigawa mkono kwa mkono haikutosha. Simu ya Mama Mushiya, simu mpya aliyonunuliwa na wajukuu, ilikataa katakata kitu chochote kisichotoka dukani. Na Tata Nkongolo alikuwa na haja moja tu iliyomweka macho: dada yake asikie. "Mushiya hatakuja kwa kilio yangu kama hajasikia," alimwambia binti yake. "Namujua. Atabakia kule, ananingoja, mpaka na yeye atakufa."

Basi Tshibola akaipeleka dukani. Ikarudi: programu inatumia mikro bila kueleza sababu. Hilo dogo, akaeleza. Ikarudi tena: tumeifungua, tumezungumza nayo, haijibu. Akashangaa. Akaifungua mwenyewe: odi, karibu. Akampigia Dodo, mwenzake wa masomo aliyeko Lubumbashi: "Jaribu." Dodo akajaribu. "Inatembea muzuri sana, mupenzi. Tata ananikaribisha mpaka naona njaa."

Sasa ubovu uko wapi? Akashuku mtandao, akahamisha sauti zote zikae ndani ya simu. Ikarudi: haijibu. Akashuku makelele, akafundisha programu ichuje makelele. Ikarudi: haijibu. Akashuku simu za wakaguzi ni za aina nyingine, akaazima kila aina ya simu iliyopatikana mjini, akazipanga mezani kama mwuza nyanya, na zote zilimjibu. Aliwaandikia wakaguzi akiwasihi. Walirudisha maneno yale yale, kwa adabu ile ile. Lo, adabu ile ilimchoma kuliko tusi! Yeye aliyetibu za wenzake, ya baba yake imemshinda.

Na baba alikuwa anakwisha. Sauti iliondoka kidogo kidogo, ikabaki mnong'ono, kisha hata mnong'ono ukamtesa. Mama Kanku, mkewe, akamwekea kikombe cha bati na kijiko kando ya kitanda. Ukisema odi mlangoni, aligonga kikombe mara mbili: karibu ya mgonjwa. Asiyesema odi hakugongewa, hata awe padri.

"Banakatala sauti yangu?" alimnong'oneza Tshibola jioni moja. "Labda ni sababu ya makohozi."

"Hapana, Tata. Ni kitu kidogo. Nitakiona."

"Fanya mbio, mama." Alimwita mama, kama tunavyowaita mabinti tunaowapenda, na Tshibola akatoka nje akalia kwenye ukuta wa choo asionekane.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, Mama Kanku amekwenda kuteka maji, ujumbe wa wakaguzi ukaingia. Tshibola aliufungua akiwa amesimama. Haijibu. Lakini safari hii mkaguzi mmoja mwenye huruma alikuwa ameongeza picha: mlango wa mbao, na chini yake maneno, "Tumeubonyeza mara nyingi, haufunguki." Tshibola akakimbia nayo kwa baba yake amwonyeshe, akaingia moja kwa moja.

"Tata, tazama hii!"

Kimya. Mzee ameelekea ukutani. Tshibola akatabasamu, maana alikuwa amesahau. Mtu mzima, na bado anaingia kama mbuzi. Akarudi nyuma mpaka nje ya kizingiti, akajiweka sawa.

"Odi, Tata."

Kijiko hakikugonga. Akasema tena, kwa sauti ya juu kidogo. Akasema mara ya tatu, na kabla hajamaliza alijua kwamba hatagongewa tena.

Na hapo, kabla kilio hakijamtoka, kitu kingine kilimpita kichwani, na mpaka leo hajisamehe kwamba kilimpita saa ile. Wale watu wa mbali hawakusema odi. Walisimama mbele ya mlango wa baba yake wakasema mambo yao yote, wakabonyeza, wakasukuma, na baba yake, kama alivyoahidi, hakuwajibu. Hapakuwa na ubovu wowote. Ndipo akapiga ukelele, na majirani wakaja.

Mama Kanku mwenyewe ndiye aliyempigia Mama Mushiya simu.

"Nani amesoma?" akauliza wifi yake.

"Hakuna mwenye amesoma, Mushiya. Musomaji njo amekufa."

"Basi hajakufa," alisema Mama Mushiya, akakata.

Mwili ukapelekwa mochwari, na kilio kikatandikwa uani. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukodi, wanawake chini kwenye mikeka, nyimbo zikaanza. Tshibola alikuwa nyuma ya nyumba na kompyuta mapajani. Watu hawakukosa la kusema, mnawajua: "Tazama mutoto huyu! Baba yake iko ku morgue, yeye anacheza na mashine." Mama Kanku akawasikia. "Mumuache," alisema. "Anaita shangazi yake."

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo, madogo kiasi cha kutia uchungu. Alifuta sharti la baba yake. Sasa ukifungua tu, hujasema neno, mlango unafunguka na Tata Nkongolo anakuambia: "Karibu! Ukae." Tshibola alipoijaribu alijiona kama amemlazimisha mzee kukaribisha mbuzi. Alilia, kisha akaipeleka. Familia ikakubali kungoja na mazishi, ingawa wazee wa ukoo walinung'unika.

Jibu likaja: imekubaliwa. Neno moja tu, na Tata hayupo.

Ikabaki komunike. Tshibola akaunga vipande: familia ya Kasulo inatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio hapa na walio mbali, kifo cha mpendwa wao. Hapo pakawa na shimo. Dodo, aliyekuja kwa msiba, akamvuta pembeni. "Siku hizi mashine inaweza kutengeneza ile jina. Tuko na sauti yake mingi. Itasema Nkongolo, hakuna mwenye atajua."

Tshibola alikaribia kukubali, tusimdanganye mtu. Alikuwa amechoka, na dada wa baba yuko mbali. Lakini akilini alimwona mzee akisukuma mikro kando. "Alikatala akiwa muzima," alisema. "Tusimufanyishe akiwa amekufa." Mahali pa jina akaweka ile pumzi, pumzi tu ambayo baba yake alivuta kabla ya majina, na baada yake kimya, kisha siku ya mazishi.

Kule Kisenge, mjukuu wa Mama Mushiya aitwaye Jessica, aliyeelekezwa na Tshibola kwa simu, akaitafuta programu dukani, akaipata, akampa bibi yake simu. Haikupita muda simu ya Tshibola ikalia.

"Mutoto," alisema Mama Mushiya. Sauti yake ilikuwa shwari mno. "Nimesikia komunike. Pa jina alinyamaza."

"Ndiyo, shangazi. Hakutaka kulisoma."

"Hapana, haiko kwa sababu ya jina. Nilishajua hata mbele ya kufika pa jina. Alinikaribisha mi sijasema odi. Tshibola, hata siku ya ndoa yangu, na shela pa kichwa, kaka yangu alinisimamisha inje mpaka niseme. Akiwa muzima hawezi kufanya vile." Na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha mwanamke mzee peke yake kwenye simu.

Alifika siku ya pili, vumbi la barabara limempaka mpaka kope, kanga imefungwa kiunoni. Hakumsalimia mtu. Alipita kati ya mikeka moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba cha kaka yake, akasimama nje ya kizingiti, akasema odi.

Nyimbo zikakatika. Watu wakatazamana, maana hakuna aliyejua ni nani sasa wa kuitika, na Mama Mushiya hakuwa na nia ya kuvuka bila kuitikiwa. Tshibola akainuka, akapita kando yake akiwa ameinamisha kichwa, akaingia. Kikombe kilikuwa bado kando ya kitanda. Akachukua kijiko, akagonga mara mbili.