Barua kwa Dada Yangu wa Maskati

Mimi na dada yangu tulikuwa na anwani moja ya barua pepe. Tuliifungua tulipokuwa tukiomba nafasi za chuo, na neno la siri tukalijua sisi wawili tu. Alipoolewa akahamia Maskati, tulizungumza kwa simu, lakini mumewe hakupenda simu za Unguja. Zikapungua, kisha nambari yake ikawa haipatikani. Siku moja nikakuta maneno yake ndani ya sanduku letu: "Simu sina tena. Niandikieni humu. Nikipata kompyuta nitafungua."

Baada ya hapo hakuandika tena.

Nilikuwa karani kwa wakili mmoja Mji Mkongwe. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupanda ngazi, nilimwandikia humo kutoka anwani yangu ya kazini. Nilimwambia Mama kapimwa macho, jirani kauza mbuzi, mvua imeingia chumba chake cha zamani. Barua ambayo haijafunguliwa huonekana kwa herufi nene; ikifunguliwa, herufi huwa nyembamba. Kufika adhuhuri nilizikuta nyembamba, na mimi sijazigusa. Nikajua mumewe akienda kazini, dada hupata nafasi.

Jioni nikirudi Chukwani, Mama huniuliza hata buibui sijavua.

"Kasoma?"

"Kasoma."

"Na hakujibu."

"Bado, Mama."

"Basi. Maadamu anasoma, yu hai."

Sikuwahi kumweleza nilikuwa najuaje, naye hakuuliza. Mjomba alipokwenda Maskati kutibiwa alipita ile nyumba, akakuta wapangaji wengine. Hata hapo hatukukata tamaa sana. Nilikuwa na zile herufi nyembamba. Tulikaa hivyo karibu miaka miwili.

Siku moja umeme ulikatika mjini, wakili akatupa ruhusa. Nilifika nyumbani mapema nikamkuta Mama kavaa miwani, kaikalia kompyuta yangu ya mezani, ambayo sanduku letu sikuwahi kulifunga. Mama alikuwa mpiga chapa wizarani mpaka alipostaafu, mashine hazimtishi. Kwenye kioo ilikuwa barua niliyoiandika asubuhi ile.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nnasoma barua ya dada yako. Natazama kama kajibu, na ukiwa umeandika wewe, nasoma."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponyamaza. Kila asubuhi, ukishafika kazini, nnafungua. Kwani vibaya?"

Nilimwambia si vibaya. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani na mkoba wangu mapajani.

Kesho yake nilimwendea fundi anayetazama kompyuta za ofisi. Nilitaka aniambie nimekosea. Akanieleza kwa upole kwamba barua hazikai kwenye kompyuta yetu yoyote. Zimewekwa kwenye mashine moja kubwa huko mbali, na sisi kila mtu anachungulia mlemle kutoka alipo. Mmoja akifungua, imefunguliwa kwa wote.

"Naweza kujua nani alifungua?"

"Nani, hapana. Wapi, ndiyo."

Akanitolea orodha ya kila mahali sanduku lilipofunguliwa tangu dada aliponyamaza. Ofisini. Nyumbani. Ofisini. Nyumbani. Aliishusha mpaka chini.

"Yote haya ni Unguja," akasema. "Kwengine hakuna."

Jioni Mama akaniuliza kama kawaida, na sikuweza kusema uongo. Nilimweleza habari ya herufi nene na nyembamba, na orodha ya fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe, Mama."

Akainuka kwenda kutia udhu, ingawa adhana ilikuwa bado.

Niliacha kuandika. Sikuwa na la kumwambia mtu ambaye huenda hakuwahi kusoma hata neno. Ikapita kama miezi miwili, kisha asubuhi moja nikakuta barua mpya ndani ya sanduku, imetoka kwenye anwani hiyohiyo yetu. Kichwa chake kilikuwa kwa herufi kubwa, kama barua za wizarani: MWANANGU. Kwanza nilidhani ni dada. Kisha nikaona saa iliyotumwa. Ilikuwa robo saa baada ya mimi kutoka nyumbani.

Nikampigia Mama simu.

"Usiifungue," akasema. "Na mimi sitoigusa. Tuone."

Sijaifungua. Sijui kaandika nini, naye hajaniambia. Matangazo ya biashara huingia kila siku yakaisukuma chini, nami kila asubuhi nateremka kuitafuta, naitazama bila kubonyeza. Kompyuta ya nyumbani imekufa tangu Ramadhani, na Mama hajataka ipelekwe kwa fundi. Barua ingali na herufi nene.