Mashine ya game dukani kwetu Muyeye ilivyoanza kucheza kama marehemu kaka yangu

Salaam wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Kila nikiona mnabishana humu kampuni gani ya game itameza nyingine, na nani kakosea strategy, hucheka peke yangu. Sisi tulikuwa kwenye hiyo biashara wakati wengi wenu hamjazaliwa.

Leo nawapa kisa chetu kama kilivyokuwa. Sitii chumvi. Nikifika mahali nisipopaelewa, nitasema sipaelewi.

Ni miaka ya themanini, Malindi, mtaa wa Muyeye. Mama yangu, mtu wa asili ya Lamu, alikuwa na kiduka cha soda, sharbati na viazi vya karai. Mimi msichana wa kaunta. Kaka yangu Kassim alibeba kreti, akavunja barafu, na akataniana na kila mteja.

Siku moja akaja Bwana Nizar, Mhindi mmoja mpole wa Mombasa. Alitaka kona ya duka aweke mashine ya game. Ile ya kusimama, kabati la mbao lenye kioo, unatia shilingi ndipo ucheze. Mapato tugawane nusu kwa nusu.

Huyu mzee alijua market trends kabla mimi sijalisikia hilo neno. Alituambia huko Japani na Ulaya watu wameanza kuchezea nyumbani, kwenye TV ya sebuleni. Kumbi zinafungwa, mashine zinauzwa kwa bei ya kutupa, ndiyo maana zinashuka bandarini Mombasa.

"Soko likifa kule, huku ndiyo kwanza linazaliwa," alisema. Na kweli, wiki ile ile vijana walijaa dukani mpaka mlangoni.

Alitufundisha pia kwamba game ina umri wake. Vijana wakishaizoea, shilingi moja inachezwa mpaka mtu achoke mwenyewe, mashine haiingizi kitu. Hapo unatoa bodi ya ndani, ile yenye game yenyewe, unatia ya game nyingine, kabati ni lile lile.

Halafu kuna demo. Mashine ikikosa mchezaji haikai kimya, inajichezea yenyewe ili anayepita avutwe. Bwana Nizar aliiita mpiga debe wake asiyekula.

Game yetu ya kwanza ilikuwa ya mtu mdogo mwenye taa kichwani, anapanda ngazi ndani ya mgodi, anaokota almasi, mawe yanamwangukia. Jina lake la Kizungu hatukulijali. Tuliiita Mgodi.

Kassim aliipenda kupita kiasi. Alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kupanda ngazi yoyote lazima arudi nyuma hatua mbili, kama anaomba ruhusa. Na akifika juu kabisa, mlango uko wazi, basi atageuka kufuata almasi moja iliyobaki chini. Jiwe linamwua hapo hapo. Kila siku. Mama alikuwa akimpigia kelele, "Si uache hiyo moja, we mtoto!" naye anacheka.

Mwaka huo Kassim alipata kazi ya utingo kwenye lori la kwenda Lamu. Mto Tana ulikuwa umefurika. Lori lilisombwa karibu na Garsen. Dereva alipatikana, Kassim hakuonekana.

Hatukuwa na wa kumzika. Mama aliacha kula. Akipewa uji anaushika mpaka unapoa. Mimi niliona kabisa kwamba nitabaki bila kaka na bila mama.

Siku moja jioni, duka tupu, akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya mashine.

"Amina, hebu njoo utizame."

Ilikuwa demo. Yule mtu mdogo alifika kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua mbili, akapanda. Akafika juu, mlango uko wazi. Akageuka kufuata almasi. Jiwe likamwangukia.



Sasa mtaniuliza, kabla ya hapo demo ilikuwa ikicheza vipi? Sijui. Nani aliangalia demo? Sisi tulikuwa tukiuza soda.

Tangu siku hiyo mama aliweka kiti pale. Akaanza kula. Kidogo kidogo, sahani mapajani, macho kwenye kioo. Alikuwa akimsalimia yule mtu wa kioo asubuhi na kumuaga tukifunga. Niliogopa, lakini alikuwa anakula, kwa hiyo nilinyamaza.

Watu walianza kunong'ona kwamba mashine ina mwenyewe. Wengine walitoka Mambrui kuja kushangaa tu. Wachezaji wenyewe wakapungua. Ikikaribia Maghrib hakuna kijana aliyekubali kuigusa.

Kuna jioni umeme ulikatika. Giza tupu dukani. Nikamsikia mama kwenye kiti chake, anasema taratibu, "Yuwarudi nyuma... tena... haya, sasa yuwapanda."

Umeme ukarudi. Yule mtu alikuwa katikati ya ngazi.

Mnaojua mashine zile mtanielewa. Ikikosa umeme na kurudishiwa, huanza mwanzo kabisa, kioo kinajaa mistari na namba kwanza. Siku ile haikuanza mwanzo. Hapa ndipo nisipopaelewa.

Bwana Nizar alipokuja kuchukua mapato akatikisa kichwa. Mgodi umekufa, akasema, tubadilishe bodi. Nikamvuta kando nikamweleza habari ya mama. Mkiitoa hii, nikamwambia, atarudi kulekule kwa kutokula.

Alinisikiliza kwa huruma. Akanieleza kwamba demo hutoka nayo kiwandani, ni ile ile dunia nzima. Kassim hakuwa na shilingi za kuchezea kutwa, bila shaka alijifunza kwa kuitazama demo. Si mashine inayomuiga kijana, kijana ndiye aliyeiiga mashine.

Nilipumua. Ilikuwa na akili kabisa.

"Nina Mgodi nyingine Kilifi," akasema. "Mlete Mama Kassim aione kwa macho yake. Akiona ni ile ile, moyo utatulia."

Tukaenda Kilifi. Duka la watu karibu na soko, mashine kama yetu, na Bwana Nizar anatungoja. Tukasimama sote watatu tukatazama demo.

Yule mtu mdogo alifika kwenye ngazi akapanda moja kwa moja. Hakurudi nyuma. Akafika juu, akaingia mlangoni, akaendelea. Alikuja kufia mbele huko, kwenye kamba, mahali ambapo yetu haijawahi kufika.

Ikaanza tena. Vile vile.

Bwana Nizar alifungua kabati nyuma, akachungulia bodi kwa tochi. Alikaa humo muda. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Hizi bodi nimezinakili mwenyewe," akasema. "Zote mbili kutoka bodi moja."

Kwenye basi kurudi Malindi nilimpigia hesabu kichwani: sasa basi, ameshapata ushahidi, atakufa kwenye kile kiti.

Kesho yake Bwana Nizar alikuja kutuomba radhi. Akasema mashine ibaki, hata isipoingiza senti, yeye hadai kitu.

Mama akamjibu akiwa amesimama.

"Kama ingekuwa ni mashine tu, Bwana Nizar, ningeliketi niitizame mpaka nife. Nilikuwa sina hakika, ndiyo maana nikiketi. Sasa nina hakika. Ni mwanangu. Na mwanangu mwamuua kutwa mara ngapi, mbele ya watu, ili tuuze soda?"



Akaenda nyuma ya kabati, akashika waya wa umeme. Akaniambia nimtazamie kioo nimwambie afikapo juu. Nikatazama. Alirudi nyuma hatua mbili, akapanda, akafika juu, mlango uko wazi.

"Sasa, mama!"

Akachomoa kabla hajageuka.

Mashine iliondoka siku hiyo. Jioni ile mama alisomesha hitima ya Kassim, ambayo alikuwa akiikataa muda wote, na akala pilau na wageni.

Funzo langu, wakuu, hasa nyinyi wa biashara: kabla hujafurahi kwamba kitu kinavuta wateja, uliza ni nani anayeumia ndani yake. Bwana Nizar hakutumia tena demo kwenye mashine zake za Malindi. Alikaa na hasara yake, na hakuwahi kulalamika.

Mafundi wa bodi za zamani, karibuni mnieleze ile ya umeme na ile ya Kilifi. Nitasoma zote, nitajibu. Ila anayetaka kuniambia mama yangu alikosea, huyo asijisumbue kuandika.