Asali ya Tende ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu katika chumba cha chini cha nyumba yetu, Mji Mkongwe. Nilikuwa bado msichana mdogo alipoanza kukonda, akawa anakunywa maji kama mtu aliyekula papa mkavu. Mama akaona sisimizi wanajaa chooni kila Baba akitoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, na sukari asiiguse tena.

"Chai hii bila sukari hainipiti kooni," Baba alisema, akakisukuma kikombe.

Mama akamwonea huruma. Aliroweka tende, akatoa kokwa, akazikamua kwa kitambaa, na yale maji mazito akayabandika kwenye seredani ya makaa. Mimi nilikoroga. Yalipoiva yakawa ya kahawia alitia tui zito, iliki, mdalasini na chembe ya chumvi, mpaka mwiko ukawa unaacha njia chini ya sufuria.

"Hii si sukari ya dukani," aliniambia. "Tende ina baraka. Haimdhuru mtu."

Baba aliitia kwenye chai, akachovya mkate wa mofa, nyingine akailamba kijikoni. Uso ukamchangamka, na Mama akawa hakosi kuipika.

Asubuhi moja Baba alikuwa akitawadha uani. Mama aliyekuwa akimmiminia maji alipiga ukelele. Kipande cha sindano kilikuwa kimezama kwenye wayo, na pembeni pameiva usaha. Baba alikuwa amekikanyaga hata hajui, miguu imekufa ganzi.

Hospitali daktari aliuliza anakula nini. Mama akajibu kwa fahari kwamba sukari haijaingia nyumbani, anampa asali ya tende tu.

"Bibi," daktari alisema, "tende nayo ni sukari."

Mama alivuta buibui akajifunika uso.

Walimkata mguu chini ya goti. Cherehani yetu ilikuwa ya kukanyaga, na kwa mguu mmoja Baba hakuweza kuiendesha sawasawa; uzi ulikatika, kanzu zikapinda, wateja wakahamia kwengine. Siku moja aliomba asali yake. Mama akakataa.

"Mguu ushakwenda," Baba alisema. "Sasa unanibania nini?"

"Nnataka uishi, mume wangu."

Tangu siku ile Baba hakumsemesha Mama. Akitaka maji aliniita mimi, hata Mama akiwa amekaa ubavuni pake. Kidonda kikatokea mguu wa pili, homa ikampanda, akafa hajamwambia Mama neno. Mama ndiye aliyekuwa akimpangusa jasho.

Mama alikuwa bado edani alipokuja jirani yetu, mwanamke wa makamo. Alisalimia, akatoa pole, kisha akasogea karibu.

"Dada, mume wangu naye kapatikana na sukari. Nifundishe ile asali yako."

"Ndiyo iliyomuua wangu," Mama alisema.

"Usiseme hivyo. Ni kazi ya Mungu."

"Mungu kampangia siku yake. Lakini kijiko nilikishika mimi. Usimpe."

Jirani alijishika kifua. "Nshaanza kumpa tende," alisema. "Kila siku, na maziwa."

"Basi nenda kamwachishe leo."

Aliondoka mbio, viatu vyake kavisahau mlangoni. Mume wake aliishi miaka mingi baadaye, ingawa alipofuka macho. Mama alisikia kuwa yu hai, akasema alhamdulillahi, akaingia chumbani akafunga mlango.