Nywele Chini ya Kizingiti

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya kila Alhamisi alasiri ilikuwa kuokota nywele za dada yangu Salma. Tulikuwa tukikaa kisiwani, mtaa wa Kiponda, miaka michache baada ya Mapinduzi. Salma hukaa kigodani uani, Bibi nyuma yake na kitana cha mti, akimsuka twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma tu. Salma aliichukia. Wenzake walikuwa wakizitimua nywele zikasimama duara zima, na buibui wakaliteremsha kidogo makusudi ili zionekane. Siku aliyojaribu yeye, Bibi alimshika sikio akamrudisha kigodani.

"Okota zote," Bibi akiniambia. "Nywele ya mtu ni mtu mwenyewe. Adui akizifukia chini ya kizingiti, mwenyewe havuki tena."

Nilimsikiliza kuliko alivyotaka.

Salma alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi bara. Kilichobaki ni kibali cha kusafiri, maana siku zile huondoki kisiwani bila kibali. "Nikifika Dar es Salaam ntazitimua mpaka mlangoni nipite ubavu," alininong'oneza. Nilicheka, kisha nikaenda chooni kulia. Tulilala kitanda kimoja tangu Mama alipofariki, na sikujua mtu hulala vipi peke yake. Alhamisi ile sikumpa Bibi nywele zote. Fundo moja nililisokomeza kwenye ufa chini ya kizingiti cha mlango mkubwa.

Wiki iliyofuata kibali kilikataliwa. Salma alirudi kutoka ofisini, akavua buibui, akaenda kukaa kigodani mwenyewe, na wala haikuwa Alhamisi.

"Nisuke, Bibi," alisema. "Vyovyote utakavyo."

Nilichukua kijiti nikakimbilia mlangoni kuzitoa. Ufa haukuwepo. Asubuhi ile Baba alikuwa amemwita fundi, akauziba kwa saruji. Nilikwaruza mpaka kucha ikatoka damu.

"Unatafuta nini hapo?" Baba aliniuliza.

"Hamna kitu, Baba."

Salma aliomba kibali mara mbili tena, akakataliwa mara mbili. Mwisho aliolewa na mtoto wa ami yetu, akahamia ghorofa ya juu ya nyumba ile ile, ngazi ishirini kutoka kitanda chetu. Kila nilipovuka kizingiti kile kwenda skuli, roho iliniuma.

Nilimwambia Salma habari ya fundo lile tulipokuwa watu wazima. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Ingekuwa ni wewe uliyenifunga, mdogo wangu," alisema, "ningejua nani wa kumwomba anifungulie."

Sasa najua nywele hazimfungi mtu. Miaka yote nilibeba kosa lile nikiliona mzigo, kumbe lilikuwa nafuu yangu: nilikuwa na mtu wa kumlaumu, hata kama mtu huyo ni mimi. Dada yangu hakuwa na wa kumlaumu. Aliyemkatalia hakumwambia sababu, wala jina lake.