Kazi ya Mwanawe

Kwenye dirisha la mapokezi la zahanati moja Nachingwea, nikiwa kwenye foleni, karani alimuuliza mama mmoja wa kijiji cha Chiola aliyekuwa mbele yangu ndugu yake wa karibu ni nani na anafanya kazi gani.

"Ni mwanangu. Amesoma mpaka udaktari wa vitabuni, anafundisha maofisa wa jeshi chuoni."

"Kupiga bunduki?"

"Hapana, baba. Kusimamia ulinzi bila kuonea raia."

Karani akacheka. Mama akakaza khanga mgongoni, kama aliyebeba mtoto.

"Nilimbeba hivi kutoka Msumbiji, tukikimbia wenye bunduki. Sasa akiingia darasani, wenye bunduki wanasimama mpaka awaruhusu kukaa."

Karani akaandika "mwalimu", basi.

Nimewahi kuandika hapa kwenye safu yangu kwamba udaktari wa vitabuni haumsaidii mtu wa kijijini. Mama yule hakuwa akizungumza nami, lakini nimejibiwa.