Rivolva Bado Iko Kiwandani

Mimi sinunui vitu rahisi. Wanaonijua wanasema ni maringo, na waseme. Nilikulia kambini Kigoma, ambako kila tulichopewa kilikuwa cha kubahatisha: tochi iliyozimika ukiitikisa, sufuria iliyotoboka kabla haijazoea moto, ndala zilizokatika njiani kwenda bombani. Nilipofika Texas na kupata mshahara wangu wa kwanza wa kuhudumia wazee kule Plano, nilijiapiza kwamba kitakachoingia nyumbani kwangu kitakuwa kitu cha kudumu. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiomba nimsindikize kununua rivolva, nilijua mapema kwamba tutagombana.

Mdogo wangu alikuwa na duka la vyakula vya kwetu huko Alief, Houston: unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, ya kwenye friza, dagaa wakavu tuwaitao ndakala, mawese. Mafuriko ya 2017 yalimwingilia dukani yakapanda hadi rafu ya pili. Yeye na mkewe wakazoa matope, wakatupa nusu ya mali, wakafungua tena. Mwaka uliofuata mtu mmoja aliingia mchana kweupe akataka fedha za kwenye mashine. Wifi yangu alimpa zote bila ubishi. Yule mtu akamsukuma kwa haraka yake ya kutoka, wifi akaanguka kisogo kikagonga kona ya friza, na hakuamka tena. Mume wake alikuwa chumba cha nyuma akipanga magunia. Wakati wote wa matanga alirudia hilo moja, kwamba alikuwa nyuma akipanga magunia.

Baada ya mazishi nilimleta kwangu Carrollton. Watu walikuja kutupa pole, Warundi wa parokia yetu na Wakongo wa makanisa ya maombi, na karibu wote walimpa ushauri uleule: nunua bunduki, hii ni Texas. Uraia alikuwa ameshaupata. Aliwaitikia kwa kichwa, kisha siku moja akasema anataka rivolva. Nilifurahi. Alikuwa hataki chakula, hataki kuoga, hataki simu, na sasa kulikuwa na kitu anachokitaka.

Tulikwenda kwenye duka moja dogo lililobanwa kati ya kinyozi na muuza matairi. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, Mzungu, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na ndiye huyohuyo fundi. Nyuma ya kaunta ulionekana mlango wa karakana yake. Nilikuwa mkalimani, maana Kiingereza cha mdogo wangu kilikuwa cha kuuzia ndakala tu. Yule mama akatandika kitambaa na kuweka rivolva mbili juu yake.

Kwa mbali zilifanana. Akanipa ya kampuni yenye jina kubwa. Kile kigurudumu kinachobeba risasi kilizunguka na kutulia mahali pake bila kucheza, na kifyatulio kilivutika taratibu kama droo nzuri ya kabati. Akasema ikiharibika, kampuni inatuma sanduku, inalipa usafirishaji, inairudisha baada ya wiki chache, na watafanya hivyo maisha yako yote. Kisha akanipa ile ya bei rahisi. Kigurudumu kilitikisika kama jino la mtoto. Kifyatulio kilikuwa kigumu, kinakwaruza, na pembeni mwa mtutu zilionekana alama za tupa ambazo hakuna aliyejali kuzisugua. Hii nayo ina dhamana, alisema, ila ya muda mfupi, posta unalipa mwenyewe, na kiwandani huwa hawapokei simu. Ameshawahi kupeleka moja huko, mteja mwenye nayo akahama jimbo kabla haijarudi.

Basi mimi nikawaka. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kitu cha kumlinda mtu hakinunuliwi kama ndala, kwamba kwa bei ya hiyo moja nzuri tungepata tatu za hivi na bado tungekuwa tumepata hasara. Nikamwambia nitaongezea mimi. Aliishika ile rahisi, akaigeuza, akaiangalia vizuri.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hii haitakuwa na kazi mingi."

Niliona ni ubahili wa wenye maduka. Aliinunua ileile rahisi, nami nilinuna njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi yake kina mama wa maombi walifika kumfariji. Mimi ni Mkatoliki na kelele zao huniumiza kichwa, lakini ni majirani, na walipika kwangu wiki nzima ya msiba. Kwao kitu kipya hakianzi kazi bila mafuta ya upako. Gari likinunuliwa wanafungua boneti, funguo za nyumba zinapakwa, hata simu ya mtoto wa shule inapakwa. Walipoliona sanduku la rivolva, mkubwa wao akatoa kwenye mkoba chupa ya mafuta ya zeituni, yaleyale ya dukani, yaliyoombewa na mchungaji. Wengine wangegusa mtutu kwa kidole ikatosha. Huyu hakuwa mtu wa kugusagusa. Alitia mafuta kwenye kila tundu aliloliona, nyuma ya kinyundo, kwenye kigurudumu, chini ya kifyatulio, kama anayeunga maharage, huku wenzake wakilia kwa sauti wakiomba chuma hiki kisimwage damu kamwe. Nilisimama jikoni nikicheka moyoni. Mtu ananunua silaha, kisha anaomba isifanye kazi.

Mdogo wangu hakucheka. Aliwaangalia hadi wakamaliza, akaifuta kwa taulo, akairudisha kwenye sanduku. Baada ya siku chache alirudi Houston kufungua duka.

Nilikuwa nikimpigia simu kila nikitoka kazini. Alijibu vizuri: wateja wapo, mvua ipo, amekula. Sauti yake haikuwa na chumvi, lakini nilijiambia huo ndio ujane, utapungua. Mwaka wa kifo cha wifi ulipotimia, alipanda Carrollton kwa ajili ya misa ya kumwombea. Alikuwa amekonda hadi shati la misa likampwaya. Kabla ya kuondoka alinipa lile sanduku.

"Hii kitu imekwama," alisema. "Haifunguke. Umupelekee ule mama."

Nikamuuliza kama aliwahi kuitumia. Akasema hapana, ilikuwa inakaa tu kwenye gari. Sikuacha kumkumbusha kwamba nilimwonya kuhusu vitu rahisi. Alitabasamu, akaondoka.

Siku yangu ya mapumziko nikaipeleka. Fundi alijaribu kufungua kigurudumu kwa kidole, kikakataa, akaingia nayo karakana. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikijiandaa kusikia jinsi kiwanda kile kilivyo cha hovyo. Aliporudi alikuwa ameshika kitambaa chenye risasi zote zilizokuwa ndani, na kwanza aliniuliza kuhusu mafuta. Nani aliitia mafuta ya kupikia? Yamekaa kwenye joto la gari yakaganda kama vanishi, pini inayotakiwa kupiga risasi imenata humo ndani. Nilimweleza kuhusu kina mama, kwa aibu kidogo. Hakucheka. Akasema si kosa la kiwanda, hata ile ya bei kubwa ingenata. Kuisafisha si kazi, angeweza kuimaliza nikiwa nimekaa palepale.

Kisha akasogeza risasi moja mbele yangu. Nyuma yake, katikati, palikuwa na kidoa kidogo kilichobonyea, kama alama ya ukucha kwenye sabuni.

"Hii ilipigwa," alisema. "Pini ikafika bila nguvu."

Nikasema haiwezekani, mdogo wangu hajawahi kuitumia. Akaniuliza kama amevamiwa tena dukani. Hapana. Alikwenda mahali pa kujifunzia shabaha? Hapana. Alivua miwani yake. Akanieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, kwamba anayejifunza shabaha, isipolia, huvuta tena. Na anayevamiwa huvuta mpaka mkono umuume. Hii ilivutwa mara moja tu, risasi nyingine hazina alama. Halafu akaniuliza mdogo wangu anaishi na nani.

Anaishi peke yake. Nililisema hilo kwa Kiingereza, na lilipotoka mdomoni ndipo nilipoelewa mtutu ule alikuwa amemwelekezea nani. Haitakuwa na kazi mingi. Mimi nilisimama palepale kwenye kaunta ile nikimgombeza anunue ile isiyokosea.

Sikulia mbele ya fundi. Nilikasirika. Nilimkasirikia mdogo wangu, nikamkasirikia wifi kwa kutuachia mtu huyu, nikawakasirikia kina mama wa maombi kwa kuwa waliomba kitu na wakakipata, na mpaka leo sijui shukrani zangu nizipeleke kwa Mungu au kwa mafuta ya kukaangia samaki. Fundi alikuwa bado anangoja nimwambie la kufanya. Nikamuuliza kiwanda kile huchukua muda gani kutengeneza. Akasema kwa kampuni hiyo hakuna ajuaye.

"Basi imekwenda kiwandani," nilimwambia.

Alinitazama, akaifunga ile rivolva kwenye kasha lake la chuma pamoja na zile risasi, na hakunidai kitu.

Nilitoka pale nikashika barabara ya Houston moja kwa moja, bila hata nguo ya kubadilisha. Nilimkuta akimpimia mteja ndakala. Alishangaa kuniona, nikasema nimemkumbuka, nikavaa aproni nikaanza kufagia. Nilimwambia rivolva imeshindikana, imebidi ipelekwe kiwandani. "Kampuni yenyewe unaijua," nikaongeza. Aliendelea kupima. Sikumwambia kuhusu ile risasi. Niliogopa kwamba nikilitamka jambo lile litasimama katikati yetu, na hatutajua tulipeleke wapi.

Nililala kwenye kochi lake wiki nzima, nikapiga simu kazini nikasingizia homa. Mwishowe alikubali kumkabidhi mfanyabiashara mwenzake duka na kuhamia kwangu, akapata kazi kwenye bohari moja la vifurushi Carrollton. Alikubali pia, baada ya mimi kulia waziwazi mbele yake, kwenda kumwona mshauri wa kliniki. Mkalimani wao alikuwa kwenye simu, mtu wa pwani mwenye Kiswahili cha redio, na mdogo wangu alirudi akilalamika kwamba anaulizwa maswali kama ya mtihani. Lakini alirudi kwa yule mshauri tena, na tena. Siku nyingine alikula. Siku nyingine alikaa kwenye gari lake pale chini ya ghorofa bila kushuka, nami nikamchungulia dirishani huku chakula kikiungua.

Na kila baada ya muda aliniuliza kuhusu rivolva.

"Bado iko ku factory?"

"Bado."

"Bale batu ni bezi."

Bezi ni wezi, na niliwatukana naye kwa moyo wote. Nilizua mambo: mara wamebadilisha namba, mara kipuri kinatoka nje, mara fomu imepotea. Watu wa kanisani nao walisikia habari, wakawa wananipa pole kwa huduma mbovu. Hakuna aliyeshuku. Kitu rahisi kikichelewa, kila mtu anaona ni halali yake. Ingekuwa ile nzuri, na wiki zake chache, ningesema nini?

Ilipofika Machi 2020, watu waliogopa ugonjwa hata wakawa wananunua silaha na karatasi za chooni kwa pamoja. Fundi aliniambia rafu zake zimebaki tupu, nzuri na mbaya zote zimekwenda. Jumapili moja mchana, kabla ya amri ya kukaa ndani, mzee mmoja wa kanisa la maombi alipita kutusalimu. Ni mtu wa kwetu, mkarimu kupita kiasi. Alipomuuliza mdogo wangu kama ana kitu cha kujilinda, akasikia kisa cha kiwanda, alisikitika kweli. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na rivolva ya ile kampuni kubwa, akaiweka juu ya meza, karibu na vikombe vya chai. Anayo miaka mingi. Aliwahi kuirudisha mara moja, ikamfikia kabla hajamaliza kuwasimulia watu kwamba imeharibika. Mimi nina nyingine, alisema, kaa na hii hadi yako irudi.

Mdogo wangu aliitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na haikusogea, wala macho hayakusogea.

Nilisimama. Nilimwambia yule mzee atoe hicho kitu chake mezani kwangu, na asirudi nacho tena, na chai amalizie kwake. Nilisema vibaya, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mzee alishtuka, akaokota rivolva yake, akatoka bila kuaga. Nikaanza kukusanya vikombe ili nipate cha kushika.

Mdogo wangu alikuja jikoni. Alichukua kikombe kimoja mkononi mwangu, akakiosha, akakifuta, akakirudisha kabatini. Alikuwa amenipa mgongo.

"Yaya," alisema, "ubaambie bale batu ba factory. Basiharakishe."

Nikamwambia nitawapigia kesho.